Umbali wa Kisu

Elki, kulungu mkubwa wa Marekani, alikuwa ng'ambo ya korongo, amesimama ubavu baina ya misonobari iliyoungua moto wa miaka ya nyuma, na kipima umbali changu kilisoma 690.

Mita hizo, si yadi. Siku niliyokinunua nilikibadilisha kwenda mita kabla sijatoka dukani.

Hatukuwa sisi tuliokuwa tunalenga. Hatua chache kulia kwetu, kwenye mgongo uleule wa mlima, kijana mmoja alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya bunduki nzito iliyosimama kwa miguu yake miwili. Alitusalimia kwa kichwa. Akazungusha kifundo cha juu ya skopu, darubini ya bunduki, tik tik tik, akashusha pumzi, akatulia. Mlio ukavuka bonde, ukarudi. Yule elki akajikunja, nyuma yake ikayumba kidogo, kisha akaingia msituni kwa mwendo wa kawaida. Kijana akafyatua tena, vumbi likaruka juu ya jiwe tupu.

"Nimekosa," akasema. Baada ya kitambo akaanza kukunja mkeka wake.

Mzee wa Kimarekani ninayewinda naye hakumjibu. Alinitazama, akaanza kushuka, nami nikamfuata. Kuteremka lile korongo, kuvuka kijito na kupanda upande wa pili kulituchukua zaidi ya saa nzima. Tulipofika tulihangaika hata kupajua mahali hasa aliposimama yule mnyama, maana mlima ukishauvuka hubadilika sura.

Damu ilikuwepo.

Matone machache juu ya majani makavu ya misonobari, yenye weusi fulani. Mengine mbele kidogo. Halafu ardhi ya mawe. Tulitafuta mpaka jua likatuacha, hatukumpata.

Hiyo ilikuwa Oktoba, milimani juu ya Idaho City, jimbo la Idaho, Marekani. Tangu hapo nimeianza makala hii na kuiacha, nikaianza tena, kwa sababu bunduki aliyokuwa nayo yule kijana ndiyo niliyokuwa nimeiulizia bei wiki chache kabla. Kaliba, yaani aina ya risasi, ileile. Nilikuwa nimebakiza kulipa tu.

## Nilichokwenda kutafuta dukani

Mnaosoma hapa siku zote mnajua kwa nini nawinda. Elki jike mmoja ana zaidi ya kilo mia mbili akiwa hai. Akiingia kwenye friza, nyumba yetu hapa Boise inakula miezi na miezi nyama ambayo nimeisomea Bismillah kwa mdomo wangu mwenyewe. Miaka yote nimetumia bunduki ya kaliba .308 ya yule mzee, kwa kuazima. Cha mtu ni cha mtu. Safari hii niliamua kununua yangu, na nikasema ikiwa nanunua mara moja maishani basi ninunue ya masafa marefu.

Muuzaji aliijua kazi yake. Akanitandikia mezani bunduki za kaliba tatu: 6.5 Creedmoor, .300 Winchester Magnum ambayo ipo tangu 1963, na 7mm PRC, kaliba changa iliyotolewa na kampuni ya risasi ya Hornady mwaka 2022. Hiyo ya mwisho hurusha kichwa cha greni 175 (kama gramu 11) kwa futi 3,000 kwa sekunde, yaani mita 900 na ushee. Ni kichwa kirefu, chembamba, kilichochongwa kikate hewa na kisisukumwe ovyo na upepo.

"Ukiwa na hii," akaniambia, "yadi mia saba si kitu."

Nikaishika. Nikaiweka begani. Sitasema uongo, niliipenda.

Wala leo siilaumu. Ni kaliba nzuri, imebuniwa na watu wanaojua wanachofanya, na mikononi mwa aliyeizoea inafanya kazi safi. Ila baada ya siku ile ya korongo sikuweza tena kuitazama bila kusikia yale maneno ya dukani, na nikaona kwamba kabla ya kaliba kuna maswali sijayajibu.

## Mama Nasra na kipande cha kijivu

Watu wengi huanza na kaliba, wakaja kwenye skopu, na mwisho wakanunua risasi yoyote iliyopo kwenye rafu. Mimi nilijikuta naanza na kichwa cha risasi, na aliyenielekeza huko ni mke wangu. Alikuwa anakata nyama ya pilau, kisu kikagota. Akatoa kwa ncha ya kidole kipande kidogo cha kijivu, kidogo kuliko punje ya mtama, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Baba Nasra, hiki wangekila watoto."

Vichwa vingi vya kuwindia vina kiini cha madini ya risasi kilichovikwa shaba nyembamba. Kikigonga mfupa kwa kasi ile, kiini husambaratika, na vipande vyake vingine husafiri mbali na tundu la jeraha, vidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuviona. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota iliziambia ghala za chakula cha msaada zitupe nyama ya kulungu iliyotolewa na wawindaji, kwa sababu ya vipande hivyohivyo. California yenyewe, tangu Julai 1, 2019, hairuhusu kabisa kuwinda kwa risasi zenye madini hayo. Huko kisa kikubwa kilikuwa tai aina ya kondori, anayekula mizoga na matumbo yanayoachwa porini. Kama inamuua tai, siwezi kumpa Nasra.

Basi nikaamua: shaba tupu. Vichwa kama TTSX vya kampuni ya Barnes, ambavyo havina kiini cha madini ya risasi, hufunguka mbele kwa petali nne na kubaki kipande kimoja.

Uamuzi huu mmoja ulipanga mengine yote, na sikulitarajia hilo.

Shaba ni ngumu. Ili ifunguke inahitaji kumfikia mnyama ikiwa bado na kasi. Ikifika imechoka inapita kama msumari: tundu dogo la kuingilia, tundu dogo la kutokea, na mnyama anakwenda kufa mbali, baada ya muda mrefu, mahali ambapo hutamwona. Wawindaji wengi wa shaba hujiwekea mpaka wa futi 1,800 hadi 2,000 kwa sekunde wakati wa kugonga. Mimi nilichukua 2,000, kama mita 610 kwa sekunde, kwa sababu napenda kuwa upande wa salama.

Ukishaweka namba hiyo, umbali unajitokeza wenyewe. Chukua .30-06, kaliba ya zamani niliyoishia kuinunua, yenye kichwa cha shaba cha greni 168. Inatoka mtutuni kwa mita 850 hivi kwa sekunde, na ikifika mita 400 imebaki na hizo 610. Hapo ndipo mwisho wake, hata mpigaji awe bingwa. 7mm PRC yenye kichwa cha shaba ingenisogezea huo mpaka mbele kwa mita 150 hivi.

Ndiyo. Lakini mita hizo za ziada nilikuwa nazitaka za nini?

## Upepo wa korongoni

Anguko la risasi halinisumbui. Mvutano wa ardhi ni uleule leo na kesho. Nikisawazisha bunduki yangu igonge katikati kwenye mita 200, najua kwamba kwenye 300 itashuka robo mita hivi, na kwenye 400 sentimita 70 hivi. Unapima umbali, unazungusha kifundo, imekwisha. Teknolojia imelimaliza hilo, na ndiyo maana dukani watu wanazungumza kana kwamba umbali nao umekwisha.

Upepo haujamalizwa na mtu.

Upepo wa kilomita 16 kwa saa, unaotikisa majani ya mti bila kutikisa tawi, ukivuma kutoka ubavuni husukuma ile .30-06 yangu kama sentimita 20 kwenye mita 300. Kwenye mita 600 unaisukuma kama sentimita 85. Umbali umeongezeka maradufu, msukumo umezidi mara nne. Sasa eneo la moyo na mapafu ya elki lina upana wa sentimita 40 hivi, maana yake ukilenga katikati una sentimita 20 za kukosea kila upande. Tuseme umeukadiria upepo nusu ya ulivyo. Kwenye 300 kosa lako ni sentimita 10, na elki anaanguka. Kwenye 600 ni zaidi ya 40, na risasi imeingia tumboni, au pajani, au imepita hewani. Hiyo ya kupita hewani ndiyo yenye heri.

Na nani anaweza kuukadiria upepo wa korongo? Ninaposimama mimi unanipiga shavu la kushoto. Chini kwenye kijito unafuata maji. Ukingo wa pili, jua likishapasha mawe, unapanda. Risasi inapita katika pepo zote tatu, na kipima umbali hakikuonyeshi hata mmoja. Hata 7mm PRC, pamoja na kichwa chake kirefu, kwenye mita 690 ukikosea upepo huo kwa nusu unakaribia sentimita 40 kutoka ulipolenga. Nilipopiga hesabu hiyo mezani usiku mmoja niliona kwa macho yangu nyuma ya yule elki ikiyumba.

Kuna jambo la pili, ambalo sijamsikia muuzaji hata mmoja akilitaja. Kwenye umbali ule risasi inakaa hewani karibu sekunde nzima. Mnyama anayechunga, ndani ya sekunde moja, anapiga hatua. Umelenga vizuri, umefyatua vizuri, upepo umeupata, na bado umempiga tumbo, kwa sababu kidole chako kilipofanya kazi yeye bado hajaamua kusogea. Bunduki gani itatibu hilo?

## "Utafika kwake ndani ya muda gani?"

Nilikwenda kwa sheikh wetu hapa, baada ya Isha, nikamweleza kisa chote. Nilitaka jibu la halali na haramu.

Mnaojua mlango huu wa fiqhi mnajua kwamba haukunifungia. Mwindaji akitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kurusha, chombo chake kikatoboa, na mnyama akafa kwa jeraha hilo kabla hajamfikia, nyama ni halali, na masheikh wengi wa zama zetu wameipa risasi ya bunduki hukumu ya mshale. Akimkuta bado ana uhai uliotulia, lazima amchinje. Hadithi ya sahaba Adiy bin Hatim inafika hata kwa mnyama aliyepotea siku nzima kisha akakutwa na alama ya mshale wako tu, hajazama majini. Kwa maana ya hukumu tupu, mita 690 hazina tofauti na mita 60.

Sheikh alikubali hayo yote. Kisha akaniuliza, "Ukimjeruhi akaanguka yu hai, utafika kwake na kisu ndani ya muda gani?"

Nikamwambia zaidi ya saa.

"Basi wewe hukumpima kwa miguu yako," akasema. "Umempima kwa macho tu."

Akanikumbusha mambo mawili niliyoyasoma chuoni Lindi utotoni bila kuyafikiria. Moja ni mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu, hata katika kuchinja: unoe kisu chako, umpumzishe mnyama wako. La pili ni kukemea kwake wanaokifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kujipimia.

Hilo la pili halikuniacha nilale.

Nilikuwa nimesoma jambo la karibu sana na hilo, kutoka mahali nisipopategemea. Boone and Crockett Club, chama cha wawindaji kilichoanzishwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, kimetoa msimamo wake juu ya upigaji wa masafa marefu. Hawakutaja mita wala yadi. Wanasema tofauti iko kwenye nia: kama lengo lako ni kupima silaha yako na ustadi wako kwa kutumia mnyama, hapo umeacha kuwinda. Chama cha Wamarekani wa karne ya kumi na tisa na ustadhi wa chuo cha Lindi wamenifikisha mlango mmoja.

Tangu jioni ile nimekuwa nikipima umbali kwa namna nyingine. Ninapoiona namba kwenye kipima umbali najiuliza papo hapo: nitatembea dakika ngapi mpaka pale? Huko Owyhee, kwenye tambarare ya vichaka vya seji, mita 350 ni mwendo wa dakika chache. Mlimani, mita 350 zilezile zikiwa na korongo katikati zinaweza kuwa nusu saa, na wakati mwingine haiwezekani kabisa kufika bila kuzunguka. Kwa hiyo hakuna umbali mmoja wa kupigia. Nimeshawahi kushusha bunduki kwa elki wa mita 280, kwa sababu ya genge lililokuwa baina yetu, na sijutii.

Marehemu mjomba wangu kule Liwale aliwinda kwa gobori. Baruti, kipande cha chuma, na subira. Alikuwa hafyatui mpaka amwone pofu, yule swala mkubwa, akipepesa jicho, maana gobori lina risasi moja na kulishindilia tena ni kazi. Simsifu kwa ajili ya zamani. Gobori linajeruhi pia, tena sana, na mimi nisingerudi huko. Lakini alikuwa anamfikia mnyama wake pumzi hazijakatika. Hilo nililiona mwenyewe, nikiwa nimembebea kisu.

## Teke la bega

Ukishakubali kwamba hutavuka mita 400 kwa hali yoyote, orodha ya dukani inakuwa fupi.

6.5 Creedmoor inapiga bega kwa upole sana na inalenga vizuri mno. Kwa kulungu na kwa swala wa Marekani ningeichukua bila kufikiri mara mbili. Kwa elki, tena na shaba, niliona inafika kwenye mpaka wake mapema kuliko nilivyotaka. Magnamu zote mbili, .300 na 7mm PRC, zina kasi ya kutosha na kubaki, ila nilikwenda uwanja wa shabaha na .300 ya rafiki, na baada ya risasi chache nikaona kidole changu kimeanza kuiogopa. Nilikuwa navuta huku nimefumba jicho. Mtu anayefumba jicho hana masafa marefu wala mafupi, na mazoezi yanakuwa mzigo badala ya kuwa jambo la kila wiki.

Nikarudi kwa kaliba kongwe ya 1906.

.30-06 ina zaidi ya karne moja. Teke lake linavumilika. Risasi zake zipo kila duka, hata lile la kituo cha mafuta cha kijijini, na hiyo si faida ndogo ukiwa umesahau boksi nyumbani. Nimeiona mikononi mwa wenye leseni hata huko Tanzania. Nikachukua Tikka T3x, inayotengenezwa Ufini kwenye kiwanda cha Sako cha Riihimäki: karibu kilo tatu kabla ya skopu, boliti ya kupakilia risasi inayoteleza kwa kidole kimoja, na kifyatulio kisafi kisichokokota. Hakuna urembo. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyebadili mawazo kwa sababu ya bei. Sikumfafanulia.

## Skopu ilinitesa zaidi ya bunduki

Idaho ina kanuni inayorahisisha mambo: kwa wanyama wakubwa hairuhusiwi kifaa chochote cha elektroniki kwenye bunduki wala kwenye skopu, isipokuwa mwanga wa alama za msalaba. Zile skopu zinazopima umbali zenyewe na kukuonyesha mahali pa kulenga hazina nafasi hapa. Kanuni hizohizo zinakataa bunduki inayozidi ratili 16, kama kilo saba na robo. Waliozitunga waliona mambo yanakoelekea, na mimi nawaunga mkono.

Kilichobaki ni mambo mawili, kipimo na msalaba.

Skopu nyingi za hapa huhesabu kwa MOA, kipimo cha pembe ambacho ni sentimita 2.9 kwenye mita 100. Nyingine huhesabu kwa miliradi, ambayo ni sentimita 10 kamili kwenye mita 100. Kwa Mmarekani mwenye yadi na inchi zake, MOA inakaa vizuri. Kwa mtu aliyesoma hesabu Lindi kwa mita na sentimita, miliradi ni lugha ya nyumbani. Miliradi moja kwenye mita 400 ni sentimita 40. Risasi yangu imeshuka 70 hapo, kwa hiyo nazungusha 1.7 au 1.8. Hakuna simu, hakuna jedwali. Niliwaona watu wazima uwanjani wakigombana na kikokotoo kwenye baridi na nikashukuru.

Msalaba ndio ulionipa shida. Kuna skopu ambazo msalaba wake unakua na kupungua pamoja na ukuzaji, hivyo alama zake zinapima sahihi wakati wote. Na kuna ambazo msalaba unabaki palepale, na alama zake ni za kweli kwenye ukuzaji mmoja tu. Za kwanza ni za wapiga shabaha. Za pili ni nyepesi na zinaonekana vizuri msituni wakati wa magharibi. Leupold VX-3HD ilikuwa ya aina hii ya pili, nyepesi, na kioo chake kinapendeza. SWFA SS ya 3-9x42 ilikuwa ya aina ya kwanza, ya miliradi, haina betri, na inasifika kwa vifundo vinavyorudi palepale ulipoviacha.

Sheria hapa inaruhusu kuwinda kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na ndizo dakika ambazo elki hutoka. Wakati huo, ukiwa umepunguza ukuzaji, msalaba wa SWFA unakuwa mwembamba mno juu ya mwili wa rangi ya kahawia. Hilo lilinirudisha nyuma kwa wiki. Mwishowe nikajiambia: kwenye giza la namna hiyo, kama msalaba hauonekani, basi na damu haitaonekana. Nikaichukua SWFA.

Sikuiamini mpaka nilipoipima. Nilibandika karatasi ndefu ubaoni kwenye mita 100, nikachora mstari wa wima kwa timazi, nikapiga chini, nikazungusha miliradi sita juu, nikapiga tena nikilenga palepale. Matundu yalitakiwa kuachana sentimita 60. Yaliachana 60, na yote juu ya mstari. Nikarudisha chini, nikapiga: palepale pa mwanzo. Kabla ya hapo nilikuwa nimezikaza skrubu za pete kwa bisibisi ya kupimia nguvu, maana skopu ikihama unywele mmoja unaweza kuilaumu kaliba bure. Kwa maoni yangu mtu mwenye bajeti ndogo aweke fedha kwenye skopu na pete zake kwanza, bunduki baadaye.

Na jambo moja la hewa. Boise iko mita 800 na kidogo juu ya bahari, ninakowinda ni zaidi ya 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi, risasi inashuka pungufu ya ilivyoshuka uwanjani. Chini ya mita 350 tofauti hiyo haimwokoi wala kumuua mtu. Kwenye 700 ni jambo kubwa, na sijui kama yule kijana alikuwa amelifikiria.

## 350, na ikibidi pungufu

Nimejiwekea mita 350 kuwa mwisho. Si 400, ingawa shaba ingeruhusu. Sababu ni kwamba huko mlimani seji ni ndefu na mara nyingi siwezi kulala chini; napiga nimekaa, viwiko juu ya magoti, moyo unapiga kwa kupanda. Uwanjani nilijipima kwa namna hiyohiyo: nimekaa, mtutu wa baridi, risasi ya kwanza tu ndiyo inayohesabiwa, kwenye sahani ya karatasi ya sentimita 20. Risasi ya tatu baada ya kujirekebisha ni ya kujifurahisha, elki hakusubiri mpaka uipate. Hapo nilipoanza kuikosa sahani kwa risasi ya kwanza ndipo nilipochora mstari. Siku ya upepo mstari unarudi 250. Na juu ya yote kuna lile swali la sheikh, ambalo linaweza kuurudisha hata 150.

Mzee niliyekuwa naye siku ile ameitazama bunduki, akaipeleka boliti mbele na nyuma, akasema ni nzuri. Kuhusu mpaka wangu hatujakubaliana. Yeye anaona kwa bonde lililo wazi, upepo umetulia, nimelala chini na mnyama amelala pia, mita 400 ni sawa kabisa na nisijinyime. Ana hoja. Mnyama aliyelala hapigi hatua.

Bado sijaamua kuhusu miguu miwili ya kuegemeza mtutu. Inaongeza uthabiti nikiwa nimelala, ila inaongeza uzito na kunasa kwenye seji, na naogopa kwamba ikishakuwepo itanishawishi kulala chini na kutafuta walio mbali. Kuna fimbo mbili za kutembelea zinazofungwa juu zikawa egemeo la kukalia. Nimeazima jozi na nitazijaribu uwanjani mwezi huu. Aliyewahi kuzitumia kwenye mteremko anijulishe jinsi alivyozifunga.